Tuwasikilize Wanafunzi Wanaomtetea Mtoro wa Riwaya

Katika daftari la mahudhurio la shule yoyote ya huku kwetu Kwale, neno "mtoro" lina maana moja tu, nayo ni mwanafunzi aliyekosa kufika darasani bila ruhusa. Likitamkwa na mzee wa Gazi au wa Shimoni, neno hilo hilo hubeba mzigo mzito zaidi, kwani mababu walilitumia kumtaja mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Askari naye ana mtoro wake, yule aliyemponyoka kabla ya kufikishwa kortini. Ni neno moja kwa watu watatu walio mbalimbali, lakini wote watatu wameondoka mahali walipotakiwa kuwapo, na wote watatu wanatafutwa.

Nimeanza na neno hili kwa sababu ndilo linalotumiwa kuzihukumu riwaya wanazozipenda vijana wetu. Nimeyasikia malalamiko hayo katika vyumba vya walimu na hata barazani baada ya sala ya alasiri: kwamba hadithi za kijana anayetoroka kwao, akapita njia za hatari, akaponea chupuchupu sura baada ya sura, zinawafunza watoto utoro. Mzazi mmoja wa Msambweni aliniuliza, kwa upole lakini kwa uchungu, ikiwa tunalipwa mshahara ili tuwafundishe watoto wake kukimbia nyumbani. Sikumjibu siku ile, maana swali lenyewe halikuwa la kujibiwa kwa pupa. Najaribu kulijibu leo, na katika kulijibu nitategemea zaidi maoni ya wasomaji wenyewe, yaani wanafunzi, ambao aghalabu ndio wanaosemewa bila ya kuulizwa.

Kitabu kinachozua mabishano haya kuliko vingine hapa petu ni Siku Njema cha marehemu Ken Walibora, kilichotoka mwaka wa 1996. Kiliwahi kuwa kitabu teule katika shule za sekondari, na ingawa zamu yake ilipita kitambo, nakala zake kuukuu bado huzunguka kutoka mkono hadi mkono, nyingine zikiwa zimeshikizwa kwa gundi na uzi wa kushonea viatu. Kwa faida ya msomaji asiyekijua, Kongowea Mswahili ni mtoto wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu aliyemzaa nje ya ndoa. Mama anafariki, mtoto anabaki mikononi mwa jamaa, na katika nyumba hiyo anayaona mateso ambayo hata mtu mzima yangemshinda. Hatimaye anafunga safari ya kuja Kenya kumtafuta baba ambaye hakulelewa naye.

Sasa, msomaji wangu, itazame ramani. Atokaye Tanga kwenda Mombasa kwa barabara hana budi kuuvuka mpaka pale Horohoro na Lungalunga, kisha aifuate lami kwa karibu kilomita 100, kupitia Msambweni, Gazi na Ukunda, hadi kwenye kivuko cha Likoni. Hiyo ndiyo njia tunayoitumia sisi kila uchao kwenda hospitalini, sokoni na shuleni. Ndiyo maana wanafunzi wa huku humsoma Kongowea kana kwamba alipita mlangoni pao. Mwanafunzi wa Nyeri humhurumia kijana huyu kwa mbali. Wa Kikoneni anauliza alilala wapi.

Miezi kadhaa iliyopita niliamua kuwaachia wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu vipindi vitatu waseme walivyokiona kitabu, bila swali la mtihani, bila alama, na bila mimi kukatiza. Niliyoyasikia yalinifaa kuliko semina nyingi nilizoketi.

Kijana mmoja wa upande wa Lungalunga hakuvutiwa hata kidogo na habari ya kuvuka mpaka. Alituambia kwamba kwao watu huvuka kwenda arusini na mazishini, kwa kuwa Wadigo wako Tanga na wako Kwale, na mpaka uliochorwa na wageni haukumuuliza mtu jina la nyanya yake. Kwa maoni yake, mwandishi amemfanya Kongowea kuwa mgeni mahali ambapo mtu wa Tanga hawezi kuwa mgeni. Ni hoja nzito, na sijaiona katika mwongozo wowote wa kitabu hicho. Mwenziwe alilalamikia sadfa. Alisema watu katika riwaya hukutana kwa urahisi mno, ilhali yeye ametafuta mjomba wake Mombasa kwa siku mbili mfululizo, akiwa na nambari ya simu, asimpate. Darasa zima liliangua kicheko, lakini alikuwa amegusa mahali ambapo wahakiki wa vyuo vikuu hupagusa kwa maneno marefu.

Wa tatu, msichana mpole asiyesema mara nyingi, alisema hakumpenda shujaa kwa sababu moja tu: aliwaacha waliokuwa wakimpenda. Kila mtoro, alieleza, humwacha nyuma mtu ambaye ataulizwa yuko wapi, naye huyo ndiye atakayepigwa. Kimya kilichofuata kilinifanya nitambue kwamba hakuwa akizungumzia kitabu peke yake. Sikumdadisi.

Hapa naomba niachane na darasa kwa muda nieleze jambo linalohusu ufundi wenyewe wa hadithi za aina hii, kwa kuwa nadhani hapo ndipo lilipo jibu la nusu ya swali la yule mzazi.

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuitamka taharuki kama moja ya mbinu za kuandikwa katika orodha, baina ya sadfa na mbinu rejeshi. Mwanafunzi hukariri kwamba ni hali ya kumtia msomaji hamu ya kujua litakalofuata, akapata alama yake, yakaisha. Lakini hamu hiyo haiji vivi hivi. Inategemea tumekaa upande wa nani. Kiswahili kina hazina kubwa ya hadithi za upelelezi. Muhammed Said Abdulla alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kazi iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58. Faraj Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Baadaye Elvis Musiba akamtuma Willy Gamba kufukuzana na majasusi, na Ben Mtobwa akampa Joram Kiango kazi isiyokwisha. Vijana wa rika langu tulizisoma hizo chini ya dawati, na sioni haya kusema kwamba zilitufunza Kiswahili kuliko vitabu vya sarufi.

Katika hadithi za upelelezi, hata hivyo, msomaji hukimbia pamoja na anayewinda. Anataka mhalifu akamatwe, na ukurasa wa mwisho humpa raha ya kuona pingu zikifungwa. Hadithi ya mtoro humgeuza. Humweka kichakani pamoja na anayewindwa, asikie nyayo zikikaribia, naye apumue polepole. Mwanafunzi ambaye jana alishangilia mkono wa sheria leo anaombea mkono huo usifike. Ni kifaa cha hatari, sikatai, na mzazi aliyenijia alikuwa amekihisi hata kama hakukipa jina. Kitabu kinachoweza kumfanya mtoto mtiifu amtakie heri aliyevunja amri ya nyumbani kina nguvu. Swali ni nguvu hiyo inamfundisha nini.

Waamerika walilipitia swali hili zamani. Mwaka 1885 maktaba ya mji wa Concord, katika jimbo la Massachusetts, iliiondoa riwaya ya Mark Twain kuhusu mvulana Huckleberry Finn, kwa kuiona ya kihuni na isiyowafaa vijana wa watu waungwana. Huck ni mtoto anayemkimbia baba mlevi na mkatili, akajikuta mtoni pamoja na Jim, mtumwa mtoro. Katika sehemu iliyo muhimu kuliko zote, mvulana huyu, aliyefundishwa kwamba kumficha mtumwa ni dhambi na ni wizi, anaamua kutomsaliti mwenzake hata kama atachomwa motoni kwa ajili hiyo. Wakubwa wa Concord waliona utovu wa adabu. Wasomaji waliowafuata waliona dhamiri ya mtoto ikizaliwa mbele ya macho yao. Kitabu ni kile kile.

Nimemtaja Jim makusudi, kwa sababu mtu wa kusini mwa pwani ya Kenya hahitaji kwenda Mississippi kumtafuta. Watoro walikuwapo hapa. Walipokimbia mashamba ya pwani, wengine walijificha porini wakajenga vijiji vyao, wengine wakapata hifadhi katika vituo vya wamisheni. Mnamo Januari 1, 1889, watoro wapatao 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine walipewa hati za uhuru, baada ya George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa kukubali kuwalipa mabwana zao fidia. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu hadi 1907. Hata Mbaruk bin Rashid wa Gazi, ambaye ngome yake ya Mwele ilivunjwa na Waingereza Agosti 1895, alikuwa na watoro miongoni mwa wafuasi wake, ingawa yeye mwenyewe alikuwa bwana mwenye watumwa. Na mwisho wake? Alivuka mpaka Aprili 1896 kuingia upande wa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Bwana aliyefuatwa na watoro alimaliza siku zake akiwa mkimbizi.

Tukirudi nyuma zaidi ya hapo, mapokezi ya Wamijikenda yanasimulia kwamba wazee wetu waliondoka Shungwaya usiku kwa kuwakimbia Wagala, baada ya kijana wa Kigala kuuawa, na kwamba Wadigo ndio waliotangulia kushika njia. Wakafika huku, wakajificha katikati ya misitu mikubwa, wakaziita ngome zao kaya. Leo watalii hulipa kuingia Kaya Kinondo, kando ya Diani, msitu uliowekwa mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwongozaji huwaeleza habari za miti na dawa na makaburi. Kumbe mahali penyewe ni maficho! Wanahistoria wanabishana kuhusu Shungwaya, kama ilikuwapo na ilikuwa wapi, nami siingilii ugomvi wao. Lakini hadithi ambayo jamii nzima imejichagulia kuwa mwanzo wake ni hadithi ya damu iliyomwagika, ya usiku, ya kufukuzwa na ya kujificha. Mzee anayewasimulia wajukuu habari hizo chini ya mwembe, kisha akawakataza kusoma riwaya ya kijana mtoro, hajajisikiliza.

Nisije nikaonekana ninapuuza hofu ya wazazi. Hofu hiyo ina msingi wake. Diani iko karibu, na ufuo wake una kazi kwa mtoto aliyeacha shule kuliko shamba la baba yake. Mvulana wa miaka kumi na minne atauza vinyago, ataongoza ngamia, atajifunza Kijerumani na Kiitaliano cha kuombea fedha, na baada ya mwaka mmoja hakuna mwalimu atakayemrudisha darasani. Kwa wasichana mambo ni mabaya zaidi. Utafiti wa UNICEF na serikali ya Kenya uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakiuza miili yao mara kwa mara. Mzazi anayeyajua haya akisikia neno kutoroka, hawazi riwaya. Anawaza ufuo.

Ndipo nikawapa wanafunzi kitabu cha pili, Utengano cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka 1980 na ambacho nacho kilipata zamu yake katika orodha ya vitabu teule. Humo hakuna kijana anayekwenda kumtafuta baba. Yumo msichana, Maimuna, aliyefungiwa ndani na baba yake, Maksuudi, mtu wa hadhi na siasa, anayewahutubia watu huko nje huku nyumbani kwake akiwa mkatili. Maimuna anatoka. Anaishia katika danguro la Mama Jeni, anazama katika ulevi, na safari yake ya kurudi utuni ni ndefu na chungu. Wasomaji wengi hawakiiti kitabu hiki hadithi ya taharuki, lakini wasichana wangu walikisoma kama wanaosoma hadithi ya kufukuzana, wakifungua kurasa usiku bwenini kwa mwanga wa tochi kujua kama atapona.

Maoni yao yalikuwa makali. Msichana mmoja alisema kwamba mvulana akitoroka hurudi na hadithi, msichana akitoroka hurudi na jina. Sikuwahi kuisikia tofauti ya riwaya hizi mbili ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Kongowea anakimbia kuelekea kwa baba. Maimuna anamkimbia baba. Wa kwanza anasafiri, na kila mji unamwongezea maarifa. Wa pili anazunguka karibu na alikotoka, na kila nyumba inamnyang'anya kitu. Hata neno la Kiswahili linalotumika si moja, kwani kuhusu mvulana watu husema ametoroka, na kuhusu msichana husema amepotea.

Mabishano yaliyowagawanya kabisa yalihusu msamaha. Maksuudi anapokuwa katika hali ya kufa anataka radhi ya binti yake, na Maimuna hampi. Wavulana wengi walimlaani Maimuna. Walisema mzazi ni mzazi, na kwamba mtoto aliyekataa kumsamehe baba anayekata roho amejifungia mlango wa heri. Wawili watatu walitaja dini, na walitaja kwa ujuzi. Wasichana nao waligawanyika. Baadhi walisema Maimuna angeweza kutamka neno la msamaha hata kama moyo haukuwamo, kwa kuwa maiti hahojiwi. Mmoja akasimama akasema hapana, kwamba neno hilo ndilo mali pekee aliyobaki nayo Maimuna, baada ya wengine kumnyang'anya kila kitu, na kwamba anayemtaka alitoe bure anataka kumwibia tena. Nilitazama saa nikaona kipindi kimepita kwa dakika kumi. Hakuna aliyekuwa ameisikia kengele.

Mimi mwenyewe, nikiulizwa, niko pamoja na msichana huyo, ingawa nilipokuwa na umri wake ningekuwa pamoja na wavulana. Hilo ni langu, na mwalimu mwenzangu anaweza kuwa na rai nyingine.

Sasa linganisha mazungumzo hayo na yanayoandikwa katika karatasi ya fasihi. Mtahiniwa hupewa dondoo, akatakiwa aeleze muktadha wake kwa alama nne, ataje nani alimwambia nani, wapi na kwa nini. Kisha aonyeshe sifa za mhusika, umuhimu wake, na jinsi maudhui fulani yalivyojitokeza. Siyadharau maswali hayo. Yanamlazimisha mwanafunzi akisome kitabu chote, na mwalimu mwenye wanafunzi sitini anahitaji kitu kinachoweza kusahihishwa. Lakini katika miaka yote niliyofundisha sijaona swali linalomuuliza mtoto: Je, yeye angemfungulia mlango? Maimuna akibisha usiku hapa Msambweni, miguu mitupu, hana ushungi, baba yake akiwa mtu anayeogopwa na mtaa mzima, wewe uliyeandika kurasa nne kuhusu ukatili wa Maksuudi ungemwingiza ndani, au ungempigia baba yake simu? Niliwauliza. Wengi, kwa unyofu uliyonishangaza, walisema wangempigia baba yake simu. Wote walikuwa wamempa Maimuna sifa nzuri katika insha zao.

Siwalaumu. Nao wana sababu, na mmoja aliitoa bila kusita: anayemhifadhi mtoto wa mwenyewe bila idhini anaweza kushtakiwa kwa kumwiba. Mwingine akauliza kama kuna mahali ambapo mtoto wa namna hiyo anaweza kupelekwa ambapo si polisi wala kwa baba. Tukaanza kuzungumza habari za chifu, za afisa wa watoto wa kaunti, za nambari 116 ya simu ambayo mtoto yeyote nchini Kenya anaweza kuipiga bila malipo akiomba msaada. Katika darasa la wanafunzi zaidi ya arobaini, waliokuwa wakiijua nambari hiyo hawakuzidi watano. Ndugu mzazi uliyeniuliza, hilo ndilo jambo ambalo watoto wako walijifunza kutokana na riwaya ya mtoro siku ile, na halikuwa katika mpango wangu wa somo.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wa huku wanalo, na ambalo mwandishi wa mbali hawezi kulijua. Usiku wa Agosti 13, 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zilizofuata zikaenea hadi sehemu za Kwale. Maelfu ya watu, hasa wenye asili ya bara, waliyakimbia makao yao, wengi wakijibanza katika uwanja wa kanisa katoliki la Likoni. Vijana waliotuhumiwa kushambulia nao wakaingia misituni, wakafukuzwa huko, na wengine wasio na hatia wakafukuzwa pamoja nao. Habari hizo zilitolewa ushahidi mbele ya tume ya Jaji Akilano Akiwumi. Watoto ninaowafundisha hawakuwa wamezaliwa, lakini wazazi wao walikuwapo, wengine upande huu na wengine upande ule. Mwalimu mwenzangu aliyekimbia Likoni mwaka ule akiwa mtoto mgongoni mwa dada yake hawezi kuzimaliza riwaya za kufukuzana. Anasema anajua mno sauti ya watu wakipita nje ya dirisha. Namheshimu kwa hilo, na sijapata kumsihi.

Nalitaja hili kwa sababu watetezi wa riwaya za taharuki, nami nikiwa mmoja wao, tuna mazoea ya kusema kwamba ni burudani tu, isiyomdhuru mtu. Si kweli, angalau si huku. Kitabu cha kufukuzana humkuta msomaji akiwa na mambo yake. Ukikifundisha huna budi kujua ni nani katika safu ya nyuma ameshawahi kujificha.

Lakini kukifungia kabatini ni jambo tofauti. Anayedai kwamba Siku Njema kinawafunza watoto kutoroka ningemwomba akisome tangu mwanzo, wala asisubiri hadi safari ianze. Mwandishi hajaificha sababu. Mtoto anaondoka baada ya kuteswa, na mateso hayo yameandikwa wazi, siku kwa siku, na mtu mzima anayeyafanya ana jina na ana nyumba. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na bado kila mwalimu anayesoma safu hii anajua kilipo. Mtoto anayekuja shuleni akiwa na alama mgongoni hakusoma habari za kutoroka popote. Alichokipata kitabuni ni kujua kwamba jambo linalompata limewahi kumpata mwingine, na kwamba lina maneno yake kwa Kiswahili. Kabla ya hapo alidhani ni lake peke yake.

Nimeshuhudia pia kinyume cha hofu ya mzazi yule. Mwanafunzi mmoja wa kiume, aliyekuwa ameanza kupotelea ufuoni mwishoni mwa juma, kisha Jumatatu, kisha wiki nzima, alianza kurudi siku za vipindi vya kusoma kwa sauti, kwa kuwa alitaka kujua yaliyompata Kongowea na hakuwa na nakala yake. Sitadai kwamba kitabu kilimwokoa. Bado hukosa siku za Ijumaa, na hesabu zake ni za kusikitisha. Lakini daftari la mahudhurio linaonyesha alikuwapo, na jina lake halina alama nyekundu siku hizo.

Kwa muhula ujao nimeomba tuendelee na Siku Njema, mara hii na Kidato cha Pili. Mkuu wa idara amekubali kwa sharti kwamba vitabu teule visicheleweshwe. Kabatini tuna nakala kumi na moja kwa wanafunzi hamsini na watatu, nayo haiwezi kuongezwa kwa sasa. Watasoma watano watano. Nakala mbili hazina kurasa za mwisho, na tayari kuna ubishi mkubwa kuhusu kundi litakalopewa hizo.